Ibn al-Haytham na Ilimu ya Nuru

Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, Mungu amrehemu, alizaliwa Basra yapata mwaka wa 354 Hijiria (965). Wapokezi wa khabari wamesimulia ya kuwa alidai aweza kuyatengeneza maji ya Nile, na al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita. Alipofika karibu na Aswan akatambua kuwa haliwezekani, akarudi akakiri. Kisha, kwa kuhofu ukali wa mtawala huyo, akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani hata al-Hakim alipotoweka mwaka wa 411 (1021). Baada ya hapo alikaa karibu na msikiti wa Azhar, akila kwa kazi ya mkono wake, kunakili vitabu vya hesabu na kuviuza.

Katika Kitab al-Manazir alibainisha ya kuwa jicho halitoi miale, bali nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Tena, katika risala zake za vioo vya kuunguzia, alithibitisha kuwa kioo chenye mviringo wa tufe hakiikusanyi miale yote katika nukta moja: iangukayo ukingoni hukutana mahali pengine na ile ya kati. Kioo cha parabola ndicho kiikusanyacho. Upungufu huo umo pia katika lenzi za kamera. Kwa hivyo zile za thamani nyingi hutiwa kipande kisichochongwa kwa mviringo wa tufe, ili picha isififie.

Alifariki Misri yapata mwaka wa 430. Basi mwanafunzi na ajifunze kwake kukiri asiloliweza, na kujaribu kabla ya kunena. Wallahu aalam.