Elmer Keith: Mchunga ng'ombe aliyepasukiwa na bastola, akatuachia .44 Magnum

Asubuhi ya Julai 4, 1925, Wamarekani walikuwa wanasherehekea uhuru wao. Elmer Keith, kijana wa miaka 26, naye akatoa bastola yake ya Colt .45 kufyatua risasi hewani kama walivyofanya wengi siku hiyo.

Bastola ikapasuka mkononi. Nusu ya juu ya silinda iliruka pamoja na kipande cha chuma kilichopita juu yake. Jamaa akapona.

Risasi iliyopasua bastola hiyo hakuinunua dukani. Aliijaza mwenyewe nyumbani, tena kwa kichwa kizito kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndefu, si bastola.

Wengi wangeachana na mchezo huo siku hiyo hiyo. Keith akataka kujua kosa liko wapi.

Utoto wa moto

Alizaliwa Machi 8, 1899, Hardin, jimbo la Missouri, akakulia Montana na baadaye Idaho. Akiwa mvulana aliungua vibaya hoteli waliyokuwa wakiishi mjini Missoula iliposhika moto. Mkono wa kushoto ukapona ukiwa umepinda, na kwa maelezo yake mwenyewe, ilibidi familia iuvunje upya ili unyooke. Ndiyo mkono uliokuja kushika bunduki maisha yake yote.

Alichunga ng'ombe, akafuga farasi, akaongoza wawindaji milimani. Kwa mtu wa kazi hizo, kujaza risasi nyumbani lilikuwa suala la mfuko. Ganda la shaba ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote kwenye risasi, na ukishafyatua linabaki mzima. Unabadilisha fataki, unaweka baruti, unapachika kichwa kipya, unatumia tena.

Tatizo ni kwamba ukikosea hapo, bastola inageuka bomu dogo.

Kuchagua vifaa upya

Baada ya ajali, Keith alianza na bastola yenyewe. Risasi ya .45 ni nene, kwa hiyo matundu yake kwenye silinda yanaacha ukuta mwembamba wa chuma. Akahamia .44 Special. Tofauti ya unene ni chini ya milimita moja, lakini inaacha chuma kingi zaidi pale presha inapopiga.

Kisha akaenda kwenye kalibu, kile kifaa cha chuma cha kumiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili kupata kichwa. Za wakati ule hazikumridhisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akachora umbo lake: kichwa cha karibu gramu 16, pua bapa, bega kali la kukata tundu safi, mfereji wa kina wa kubeba grisi, na juu yake mfereji mwingine mdogo.

Huo mfereji mdogo usiudharau. Bastola kubwa ikipiga teke, vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda hujivuta mbele. Kikitokeza kimoja tu, silinda haizunguki tena. Sasa fikiria dubu yuko mbele yako. Ukikunja mdomo wa ganda ndani ya mfereji ule, kichwa hakitoki. Ndiyo maana kwa anayejaza risasi kubwa, kifaa cha kukunja mdomo wa ganda ni muhimu sawa na mizani ya kupimia baruti.

Baruti nayo ilibadilika. Aina iitwayo 2400, ya kampuni ya Hercules, ilipoingia sokoni miaka ya 1930, Keith aliikumbatia. Iliwaka taratibu zaidi, hivyo ikampa kasi kubwa kwenye ganda kubwa.

Miaka ya kupiga kelele

Kwa miongo mitatu aliandika kwenye magazeti ya silaha akizisukuma kampuni zitengeneze kiwandani kile alichokuwa anakijaza mezani kwake. Hofu ilikuwa ya kweli: risasi kali ikiingia kwenye bastola kuukuu, yatatokea yale yale ya 1925.

Remington wakapata jibu rahisi tu. Ganda likarefushwa kwa kama milimita 3 ili risasi mpya isiingie kwenye bastola za zamani za .44 Special. Smith & Wesson wakatengeneza bastola ya kuihimili, na mwanzoni mwa 1956 .44 Magnum ikatangazwa. Ndiyo ile ile aliyoishika Clint Eastwood kwenye filamu ya Dirty Harry mwaka 1971.

Keith hakuwa mtu wa kunyamaza, na hapo ndipo alipojipatia maadui. Alisimulia kwamba alimuua swala aliyejeruhiwa akiwa umbali wa yadi 600 kwa kutumia bastola. Wengi walimwita mwongo, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Kofia yake kubwa na sigara mdomoni havikuwatuliza wapinzani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Afrika Mashariki kuwinda, na mwaka 1968 akatoa kitabu alichokiita kwa neno letu kabisa, Safari.

Mwaka 1981 alipata kiharusi. Alifariki Februari 14, 1984, Boise, Idaho, akiwa na miaka 84. Silaha zake ziliuzwa kwa mnada mwaka 2015.

Kalibu ya kichwa alichokichora bado inauzwa na kampuni ya Lyman kwa namba 429421, na wanaojaza .44 nyumbani bado wanaiagiza.