Shaaban Robert, Malenga Asiyeona Chuo Kikuu

Juzi kijana wetu mmoja wa Msambweni, mwanafunzi wa chuo, alinijia na daftari la mashairi. Vina vilikuwa salama, mizani imetimia, lakini kila ubeti ulikuwa minazi ya Diani na mawimbi, basi. Akaniuliza kama masomo ya chuo yatatosha kumfanya malenga. Badala ya kumjibu nikampa habari za jirani yetu, marehemu Sheikh Shaaban Robert.

Nasema jirani kwa sababu ukivuka Lungalunga na Horohoro, Tanga si mbali, na Wadigo wako pande zote mbili za mpaka. Huko Vibambani, Machui, ndiko alikozaliwa tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hata 1926, akapata cheti, na darasa likaishia hapo. Kijana alishangaa. Yeye alidhani mwenye kuandika Kusadikika lazima alikuwa na shahada!

Shaaban akawa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, hata 1944. Saa za kazi zilikuwa za serikali. Zilizobaki alizitia katika kusoma na kutunga, na tungo zake zikawa zikitoka katika gazeti la Mambo Leo. Kisha kazi ikampeleka Mpwapwa, bara, mbali na bahari aliyoizoea. Uhamisho wa karani si matembezi, wasomaji wapenzi. Mtu huchukua watoto na mizigo akaanza maisha upya kati ya watu wasiomjua. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akaendelea na ukarani.

Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo. Mimi naona hapo ndipo vina vyake vilipopata uzito, maana hakuwa akitafuta tena la kusema. Wanawe aliwatungia tenzi za nasaha, Adili kwa wa kiume na Hati kwa binti, akipita njia ile ile ya Mwana Kupona.

Na kiu ya elimu haikumwisha. Alisoma rubai za Omar Khayyam kwa Kiingereza, akazitia katika Kiswahili, zikachapishwa 1952. Alionana na Siti binti Saad wa Unguja kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza mwenyewe, ndipo akaandika wasifu wake. Vita vikuu vya pili navyo alivitungia utenzi wa beti elfu kadhaa, uliotoka baada ya yeye kufariki.

Aliaga dunia mwezi wa Juni 1962, akazikwa kwao Machui. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kijana alifunga daftari lake, akaniuliza nauli ya Lungalunga hadi Tanga ni kiasi gani.