Bob Marley na ukucha mweusi: haikuwa mpira tu



Bob Marley hahitaji utambulisho. Picha yake iko vinyozini, iko kwenye daladala, iko kwenye fulana za mitumba. Lakini kaa kijiweni uulize alikufa kwa nini, utapewa majibu hata kumi. Bangi. Sumu. Mpira. Mimi nilikuwa upande wa mpira, na nilibishana kweli. Halafu siku moja ukucha wangu mwenyewe ukageuka mweusi. Nitafika huko, kwanza tumzungumze Bob.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Mama yake, Cedella, alikuwa binti mweusi wa miaka 18. Baba yake alikuwa mzungu, mtu mzima, na hakukaa nao. Bob akiwa bado kijana mdogo wakahamia Kingston, mtaa wa Trench Town, uswahilini kabisa. Alijaribu kazi ya kuchomelea vyuma, ila roho ilikuwa kwenye muziki. Mwaka 1963 yeye na wenzake, akina Peter Tosh na Bunny Wailer, wakaanzisha kundi la Wailers. Ilichukua miaka kama kumi ndipo dunia ikawasikia.

Kitu kingine alichokipenda ni kandanda. Popote alipokwenda kupiga muziki alitafuta watu wa kucheza nao.

Desemba 3, 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumbani kwake Kingston wakampiga risasi. Alipona, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani na majeraha yake. Kisha akaondoka kwenda London. Sasa niambie, mtu aliyesimama mbele ya umati siku mbili baada ya risasi, ukucha utamtisha?

Mwaka 1977, akiwa ziarani Ulaya, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira Paris. Kila mtu angesema hivyo hivyo: ni mpira, kitapona. Hakikupona. Walipopima vizuri wakakuta melanoma chini ya ukucha. Hiyo ni kansa inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Madaktari walishauri kidole kikatwe. Bob hakukubali. Wengi wanasema ni imani yake ya Rasta, wengine wanasema aliogopa kupoteza mpira na kucheza jukwaani. Ikafanyika operesheni ndogo zaidi: ukucha na nyama ya chini yake vikaondolewa, pakazibwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Akarudi kazini. Aprili 1980 alikuwa uwanja wa Rufaro, Harare (wakati huo ukiitwa Salisbury), akipiga usiku wa uhuru wa Zimbabwe.

Septemba mwaka huo huo alikuwa anakimbia mazoezi Central Park, New York, akaanguka. Kansa ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Siku mbili baadaye, Septemba 23, akapiga shoo yake ya mwisho Pittsburgh. Akaenda kutibiwa Ujerumani, akakonda, zile rasta zake zikamtoka. Alitaka kurudi nyumbani Jamaica lakini hakufika. Alifariki Miami, Mei 11, 1981. Miaka 36 tu jamani!

Sasa naomba tusikilizane. Mpira haukumpa Bob kansa. Kilichotokea ni kwamba mpira ulitoa maelezo ya haraka, na maelezo ya haraka yanamfanya mtu atulie. Kama kidole kingekatwa mapema angepona? Hakuna anayeweza kuapa. Ila melanoma ikikamatwa mapema, kabla haijazama na kusambaa, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi.

Tatizo la pili ni ile imani kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino. Kweli, melanoma kwa sisi weusi ni adimu. Lakini ikitupata, mara nyingi hukaa pale tusipoangalia: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Aina hii haitokani na jua. Kwa hiyo usijidanganye kwamba rangi yako imekukinga.

Turudi kwangu. Nilikuwa nacheza chandimu, nikakanyagwa, ukucha ukawa mweusi tii. Washkaji wakacheka, mimi pia nikacheka. Miezi miwili baadaye bado mweusi, nikamkumbuka Bob, usingizi ukakata. Nikaenda hospitali. Daktari akanionyesha kitu rahisi sana: kwenye shina la ukucha wangu palikuwa pameanza kutoka sehemu safi. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Kucha za mguuni hukua taratibu, inaweza kufika mwaka au zaidi mpaka doa litoke kabisa. Langu lilikuwa linasogea. Nilitoka pale natembea kama nimeshinda bahati nasibu.

Akaniambia pia kwamba mistari myeusi kwenye kucha nyingi ni kitu cha kawaida kwa watu weusi. Cha kutia shaka ni mstari au doa kwenye ukucha mmoja tu, ambalo halisogei, linapanuka, lina rangi mchanganyiko, au weusi wake umetoka nje ya ukucha ukaingia kwenye ngozi. Vilevile ukucha unaopasuka au kutoa damu bila sababu, na doa au kidonda cha unyayoni kisichopona kwa wiki kadhaa. Hapo usisubiri, nenda. Wakishuku watakata kipande kidogo wapime maabara. Kupaka dawa ya kienyeji au kujikata mwenyewe kwa wembe ni kupoteza muda ambao huna.

Na si weusi tu. Baka lililopauka au lenye wekundu ambalo ukiligusa huhisi kitu linaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Macho yakiwa ya njano, nenda siku hiyo hiyo.

Bob alikuwa na pesa, alikuwa na madaktari wa Ulaya na Marekani, na bado alikufa. Sisi tulichonacho ni kuangalia mapema. Leo usiku ukivua viatu, washa taa, angalia nyayo zako na kila ukucha. Mwangalie na mzee wako nyumbani, maana yeye hawezi kuinama vizuri.

Aliyewahi kupatwa na kitu kama hiki atuandikie hapo chini, huenda akamsaidia mwingine. Na wale wa bangi na sumu, njooni tubishane!