Sydney Ringer na Maji ya Bomba

Tufundishapo usagaji wa chakula, huwaeleza watoto kwamba kongosho humimina katika utumbo mwembamba maji yenye vimeng'enya. Ni nadra kujiuliza ni nini kinachoiamuru kongosho iyamimine. Njia ya kulipata jibu ilifunguliwa na daktari mmoja wa London, ambaye maisha yake yana funzo kwa mwalimu.

Sydney Ringer alizaliwa Norwich, Uingereza. Alisomea udaktari London katika University College, kisha akatibu na kufundisha katika hospitali ya chuo hicho. Kitabu chake cha tiba cha mwaka 1869 kilimpatia sifa kubwa.

Mwaka 1882 alitangaza kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kupiga ukipitishiwa maji ya chumvi. Aliamini kuwa maji hayo yalikuwa yamekenekwa, yaani yamegeuzwa mvuke na kupozwa. Baadaye aligundua kuwa yalikuwa ya bomba. Alipotumia yaliyokenekwa hasa, moyo ulidhoofika, ukasimama; alipotia kalsiamu kidogo, ukapiga tena. Angaliweza kunyamaza ili kuilinda heshima yake. Badala yake, mwaka 1883 alichapisha makala nyingine, akalikiri kosa lake na kueleza chanzo chake.

Ringer alifariki mwaka 1910, lakini maji ya dripu yenye jina lake yangali yakitumika hospitalini. Wataalamu waliomfuata walitambua kwamba kalsiamu ni tarishi katika kongosho pia. Chakula kifikapo tumboni na utumboni, neva na homoni huziamsha seli za kongosho. Kalsiamu iliyo akibani ndani ya seli huachiliwa, vifuko vya vimeng'enya hufunguka, na chumvi hutoka ikifuatwa na maji. Kalsiamu hiyo ikizidi na kudumu, seli huumia.

Nasi walimu yatupasa kuiga mwenendo huu. Mbegu za maharage zikikataa kuota mbele ya darasa, tusizifiche wala tusiwape watoto jibu la kitabuni. Tuwaulize ni kitu gani kilichotofautiana: maji, joto, au mbegu zenyewe? Kisha tubadili kimoja tu, tujaribu tena. Mwalimu anayekiri kosa mbele ya wanafunzi wake hapungukiwi na heshima. Huwafundisha namna elimu inavyopatikana.