Anthony Allison na Siri ya Damu ya Watu wa Ziwani

Anthony Clifford Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 mjini East London, Afrika Kusini. Hata hivyo, alilelewa nchini Kenya katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil. Baada ya masomo ya Johannesburg alielekea Oxford kusomea udaktari.

Mwaka wa 1949, angali mwanafunzi, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Kenya. Alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, akagundua jambo la kustaajabisha. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba chembe za urithi za selimundu. Katika nyanda za juu, hawakufikia hata mmoja. Mtoto aliyerithi chembe hizo kwa wazazi wote wawili aliugua, na enzi hizo aghalabu alifariki angali mdogo. Iweje basi kasoro inayoua watoto idumu kizazi baada ya kizazi? Allison alizingatia kwamba Kisumu na pwani ni makao ya mbu. Akashuku kuwa aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, Linus Pauling na wenzake walithibitisha kuwa chanzo cha selimundu ni protini. Walipitisha umeme katika himoglobini ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa, wakaona kuwa mwendo wake ni tofauti. Hivyo wakaweza kuzitenganisha. Baadaye Vernon Ingram wa Cambridge alibainisha kuwa tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja tu.

Allison alirejea Afrika Mashariki mwaka wa 1953. Miongoni mwa watoto 290 wa Kampala na viunga vyake, vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 27.9 ya waliobeba selimundu, na kwa asilimia 45.7 ya wasiobeba. Kisha wanaume 30 Waluo, nusu yao wakiwa wabebaji, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wabebaji 15, wawili tu walipatikana na vimelea. Kati ya wenzao 15, walikuwa 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1954, yakawa mfano mashuhuri wa uteuzi asilia kwa binadamu.

Wanaume hao huitwa watu waliojitolea. Lakini Kenya ilikuwa koloni, tena chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Uhuru wa mtawaliwa wa kusema hapana ulikuwa wa kiasi gani? Leo jaribio la aina hiyo huhitaji kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya kila mshiriki.

Miaka ya baadaye Allison alifanya kazi tena Nairobi, akiongoza maabara ya magonjwa ya mifugo. Kisha huko California, yeye na mkewe, Elsie Eugui, walibuni dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Alifariki tarehe 20 Februari 2014.

Mgala muue na haki yake mpe. Allison aliifumbua siri ya damu, na sifa hiyo ni yake. Damu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya watu wa ziwani, ambao majina yao hayatajwi vitabuni na ambao watoto wao wangali wanazaliwa na selimundu.