Robert Serumaga, mwigizaji wa Kampala aliyeingia vitani

Wasomaji wetu wamezoea kukutana hapa na maisha ya watakatifu na wamisionari. Safari hii tunawaletea mwigizaji wa jukwaani, Robert Bellarmino Serumaga wa Uganda. Wapo wazee katika parokia zetu waliokwenda vita ya Kagera. Huenda walilisikia jina lake alipokuwa waziri mwaka 1979, lakini ni wachache waliojua kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuigiza.

Alizaliwa mwaka 1939 katika familia ya Kikatoliki, na jina lake la ubatizo ni la Mtakatifu Robert Bellarmino, Kardinali Mjesuiti. Alisoma Kitovu na Kisubi, shule za Kikatoliki zenye sifa hadi leo, kisha akaenda Ireland, Chuo cha Trinity mjini Dublin, kusomea uchumi. Sisi tunaosoma falsafa tunavutiwa na jambo moja: Samuel Beckett naye alisoma chuo hichohicho. Michezo ya Beckett na wenzake, ambamo watu wanangoja wasichokijua na kusemezana bila kuelewana, ilimwingia sana kijana huyu wa Buganda. Alifanya pia utangazaji London, akiwahoji waandishi wa Afrika, Chinua Achebe akiwamo.

Aliporudi nyumbani hakukaa ofisini na shahada yake ya uchumi. Alianzisha kikundi cha maigizo, Theatre Limited, na kuonyesha kazi zake katika Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. Aliandika, akaongoza, akaigiza. Katika mchezo wake wa kwanza, "A Play", anaonekana mtu mkubwa mwenye mali akiteswa na dhamiri siku ya kumbukumbu ya kifo cha mkewe, kifo ambacho mwenyewe alihusika nacho. Ni mchezo mzuri, ila kwa maoni yetu ulikuwa wa wasomi wachache waliojua Kiingereza.

"Majangwa", wa mwaka 1971, ni jambo lingine. Humo yumo mpiga ngoma aliyekuwa maarufu, yeye na mkewe, ambao sasa wanajidhalilisha kando ya barabara ili wapita njia wawatupie sarafu. Serumaga aliuvaa uhusika wa Majangwa mwenyewe. Fikiria msomi wa Dublin amevaa matambara, anacheka kama mlevi na kulia kama mjane, mbele ya watu waliovaa suti. Mwigizaji wa namna hii hategemei sura nzuri wala sauti ya kupendeza. Kazi yake ni kumbeba mtu mwingine, tena mtu ambaye watazamaji wasingependa kukaa naye meza moja.

Mwaka huohuo, tarehe 25 Januari, Idi Amin alikuwa amekwisha kuipindua serikali. Maneno yakaanza kuwa hatari. Serumaga akageukia mwili. Aliwakusanya vijana waliotoka sekondari, akawafunza kwa muda mrefu na kwa nidhamu kali: mazoezi ya viungo, pumzi, ngoma, nyimbo, ukimya. Kikundi kikaitwa Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi kwa Kiganda. Frateri yeyote anayejua kengele ya alfajiri angewaelewa vijana wale. Katika "Amayirikiti" maneno karibu hayapo kabisa; mauaji yanaonekana kwa miili inayoanguka na kubebwa. Mpelelezi aliyekaa ukumbini angeandika nini katika taarifa yake?

Kazi yao kubwa ni "Renga Moi". Kijiji kimevamiwa. Shujaa Renga Moi amepata watoto mapacha, na mila inamkataza baba wa mapacha kumwaga damu kabla ya matambiko kukamilika. Akibaki, kijiji kinaangamia; akienda, anavunja mwiko wa watoto wake. Anakwenda, na akiwa vitani wale mapacha wanatolewa sadaka. Anarudi na ushindi, lakini nyumbani hakuna watoto. Mwaka 1975 Abafumi waliuonyesha London, katika ukumbi wa Aldwych, na Waingereza waliufuata bila kujua lugha za Uganda zilizotumika.

Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana. Katika siku hizohizo aliuawa Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa michezo mjini Kampala, mara baada ya kurudi na kikundi chake kutoka tamasha la Lagos. Onyo kwa watu wa jukwaani lilikuwa wazi. Serumaga aliishia uhamishoni, akajiunga na waliotaka kumwondoa Amin kwa silaha.

Hapo ndipo mafrateri tunapogawanyika. Wengine wanasema mtu aliyejaliwa kipawa kile angebaki nacho, kwa kuwa askari walikuwepo wengi na mwigizaji kama yeye alikuwa mmoja. Wengine wanauliza angeigiza kwa ajili ya nani wakati watazamaji wake wanatupwa mtoni. Mtakatifu Tomaso anatufundisha masharti ya vita ya haki, nayo yanasaidia, lakini hayamwambii baba wa mapacha alale vipi usiku. Serumaga aliliweka swali hilo jukwaani miaka kadhaa kabla halijamfikia yeye mwenyewe.

Machi 1979 Waganda wa uhamishoni walikutana Moshi, hapa kwetu Tanzania, na kuunda umoja wao chini ya Profesa Yusuf Lule. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili. Serumaga akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Lule. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Lule alipoondolewa mwezi Juni, mwigizaji wetu alirudi uhamishoni Nairobi, na huko alifariki ghafla Septemba 1980, akiwa na miaka arobaini na kidogo. Miezi mitatu baadaye Milton Obote alirudi madarakani na vita nyingine ikaanza. Amin aliishi hadi mwaka 2003, akafia kitandani, Jeddah.