Kimya cha Satie kingali na mshindo

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Simjui msanii ambaye maisha yake yanauthibitisha usemi huo kumshinda Erik Satie, mtunzi wa muziki aliyezaliwa mjini Honfleur, Ufaransa, tarehe 17 Mei 1866.

Nilimfikia kwa njia ya mzunguko. Jioni moja, baada ya kusahihisha insha, nilisikiliza albamu ya Mwingereza Brian Eno ya mwaka wa 1978, Music for Airports. Haina ngoma wala mwimbaji anayetamka neno. Sauti chache huja, hufifia, kisha hurejea, na baina yake pana kimya kirefu. Awali nilidhani chombo kimeharibika. Baada ya robo saa nikatambua kuwa pumzi zangu zimetulia. Nilipoutafuta msingi wa muziki huo, nikamkuta Satie.

Alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka sita. Mnamo 1879 aliingia katika chuo mashuhuri cha muziki jijini Paris, ambako walimu walimhukumu kuwa mvivu. Hata hivyo, mwaka wa 1888 mvivu huyo alitunga Gymnopédies, vipande vitatu vya piano vilivyo pole na vyenye noti chache, ilhali watunzi wengi wa enzi hiyo walishindania makuu. Riziki aliipata kwa kupiga piano katika mabaa ya Montmartre. Tangu 1898 aliishi Arcueil, nje ya Paris, katika chumba kimoja, na aghalabu alikwenda mjini kwa miguu.

Mwaka wa 1905, akikaribia miaka arobaini, alirudi darasani katika chuo cha Schola Cantorum, akaketi na vijana, na akahitimu 1908. Elimu hiyo haikumfanya auache usahili wake.

Mnamo 1920 yeye na Darius Milhaud walipiga muziki uliokusudiwa kuwa kama samani: uwepo chumbani bila kumshughulisha mtu. Hadhira ilipokaa kimya kusikiliza, Satie aliwasihi waendelee kuzungumza! Alifariki tarehe 1 Julai 1925, akiwa fukara na mwili umedhoofishwa na ulevi. Miaka 38 baadaye, John Cage na wenzake waliupiga jijini New York utungo wake wa ukurasa mmoja, wakiurudia mara 840, kwa zaidi ya saa 18.

Wapo watakaodai kuwa muziki wa aina hii ni wa kuleta usingizi tu. Sikubaliani nao. Usingizi huzima fahamu. Muziki huu huiamsha, kwa kuwa sikio lisilopewa mengi hujifunza kusubiri.

Nami nina deni. Niliwahi kumwandikia mwanafunzi mmoja mkimya, katika ripoti yake, kwamba ni mzembe. Sikumwuliza alikuwa akiwaza nini. Hadi leo sijui nilizima nini kwa neno lile moja.

Walimu wenzangu, tusiharakishe kukiita kimya ujinga. Nanyi wanafunzi, baada ya kelele za mchana kutwa, jitengeeni robo saa ya utulivu. Huenda mkasikia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewafundisha.